Chupa ya Ngosha

Hellen Masalu alifanya kazi miaka kumi na minne katika maabara ya zahanati ya kiwanda cha nguo, akipima makohozi, choo na damu za watu, na hakuwahi hata siku moja kuziba pua. Kinyaa alikuja kukijua baadaye, mwaka tisini na nne, kiwanda kilipopunguza wafanyakazi naye akawa mmojawapo. Mafao yalipochelewa sana, waliambiwa kila mtu achague kitu katika vifaa vya zahanati, maana nayo ilikuwa inafungwa. Wenzake walibeba vitanda na makabati. Yeye alibeba hadubini, ile ya zamani isiyotumia umeme, yenye kioo kidogo chini cha kuakisi mwanga wa jua.

Akaweka meza Kirumba, karibu na lango la soko la Mwaloni, ubavuni kwa Akumu, mama wa Kijaluo aliyekaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Siku hizo kila mtu mjini alikuwa anauza kitu, na Hellen akaamua kuuza kuona. Mtu alitoa sarafu, akainama, akafumba jicho moja, na Hellen akamweleza anachokitazama.

Alianza na vitu alivyovipenda mwenyewe: ngozi ya kitunguu iliyojipanga kama ukuta wa matofali, jicho la nzi, punje ya chumvi yenye pembe zilizonyooka kana kwamba imechongwa na fundi. Watu walitazama, wakaguna, wakaenda zao. Kisha mchuuzi mmoja wa dagaa akataka kuona uchafu wa kucha zake. Aliona, akatema mate, akaenda kuwaita wenzake, na kabla ya saa kupita foleni ilifika kwenye karai la Akumu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kitunguu tena. Walimletea utando wa meno, nta ya masikio, magamba ya vidonda, usaha kwenye jani. Walitazama, wakasisimka mwili, wakacheka, wakarudi kesho na marafiki.

"Wateja wangu wanakwisha, dada," Akumu alimwambia. "Mtu ametoka kuona usaha, panki atalimezaje?"

"Si mimi ninayewaletea."

"Ni wewe unayewapokea."

Hilo lilikuwa kweli. Usaha haukumtia kinyaa. Kilichomtia kinyaa ni nyuso za watu walipoinuka kwenye hadubini, midomo imelowa kwa utamu wa kuchukizwa, nao wakitafuta kingine kibaya zaidi.

Jumatano moja, jua likiwa utosini, wakaja makuli watano kutoka sokoni. Mbele yao alikuwa Ngosha, mtu wa miaka ishirini na mitano hivi, kifua kama mlango, shati limefunguliwa mpaka kitovuni. Kwa Kisukuma jina lake maana yake ni mwanaume, naye alipenda kulikumbusha. Mkononi alikuwa na chupa ya soda.

"Shikamoo, mama daktari."

"Marahaba. Mimi si daktari. Umeleta nini?"

"Mkojo wangu. Wenzangu hawa wanabisha. Kwetu Kwimba kijana akianza kukojoa nyekundu, wazee wanasema amekomaa. Mimi nilianza nikiwa mchunga ng'ombe, na mpaka leo sijaacha. Waonyeshe damu ya dume."

Makuli wakacheka. Watu wakaanza kusogea. Hellen aliinua chupa kwenye mwanga. Juu mkojo ulikuwa kama chai ya rangi, na chini umetuama utope mwekundu. Akajua kabla ya kupima. Hata hivyo akafyonza tone kutoka chini, akaliweka kwenye kioo, akatazama. Katikati ya chembe za damu yalilala mayai, mengi, marefu kama mbegu za tikiti, kila moja lina mwiba mkali kwenye ncha.

Hapo angeweza kumvuta Ngosha pembeni. Aliliwaza jambo hilo, kisha akatazama zile nyuso zinazosubiri.

"Njoo uone dume lako," alisema.

Akawaeleza wote kwa sauti, kama alivyozoea kueleza. Kwamba hicho ni kichocho. Kwamba ndani ya Ngosha, kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, wanaishi minyoo, dume na jike, dume amejikunja kama mfereji na jike amelala humo ndani amekumbatiwa, miaka nenda miaka rudi, hawaachani. Jike kazi yake ni kutaga. Mayai yanatoboa kibofu kwa ile miiba ili yatoke na mkojo, na damu ni ya matundu hayo. Kisha akaongeza tone la maji safi, akamwacha Ngosha akitazama. Baada ya muda yai moja likapasuka, kikatoka kidudu chenye manyoya, kikaanza kuogelea.

Ngosha aliinuka taratibu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Kiko hai," alisema.

Kuli mmoja alisukumwa na mwenzake aone. Aliona, akaenda kutapika nyuma ya karai la Akumu. Wengine walirudi nyuma hatua mbili, tatu, wakimtazama Ngosha kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Ngosha akajifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, akaondoka. Chupa aliiacha mezani.

Kesho yake Akumu ndiye aliyeleta habari. Makuli wamemtengea Ngosha kikombe chake cha maji. Hakuna anayekubali kubebeshana naye gunia. Wamempa jina jipya, Mama Mayai.

"Kichocho hakiambukizi kwa kikombe," Hellen alisema.

"Hilo hukulisema jana."

Lilikuwa kweli nalo. Alisema habari za mfereji na miiba na manyoya, kwa sababu ndizo walizotaka kusikia, na alifurahi walipotetemeka. Chakula cha mchana kilimshinda. Alijitazama mikono, akaenda kuinawa, akarudi, akaenda kuinawa tena.

Mchana huohuo alifunga hadubini, akaingia sokoni kumtafuta. Alimkuta ameketi peke yake juu ya magunia ya dagaa, na makuli wenzake upande wa pili.

"Nilikosea kukueleza mbele ya watu," alimwambia, naye akahakikisha wote wanasikia. "Kichocho hakipiti kwenye kikombe wala kwenye gunia. Kinatoka kwenye maji yaliyotuama yenye konokono, kwenye lambo la mifugo au majaruba ya mpunga, kinaingia kwa ngozi. Nani hapa hajawahi kuchunga ng'ombe akaoga lamboni?"

Mmoja aliinamisha uso.

"Vidonge vipo hospitali. Twende, nitakusindikiza."

Walikwenda. Ngosha alimeza vidonge vyake mbele ya muuguzi, akaumwa tumbo jioni, na baada ya wiki sita akaleta chupa nyingine, imefungwa kwenye gazeti. Makuli wawili walikuwa wameshaleta zao kabla yake, pia kwenye magazeti, na mmoja alikuwa ameandikiwa vidonge vilevile. Hellen hakuwa anaonyesha watu tena mambo ya miili. Alipima, akawaambia wenyewe, basi.

Mkojo wa Ngosha ulikuwa mweupe. Aliomba atazame, akatazama muda mrefu.

"Hakuna kitu," alisema.

"Umepona."

"Nimekuja pia kuaga. Mvua zimeanza Kwimba. Baba hawezi peke yake, naenda kupandikiza mpunga."

Hellen aliweka kioo mezani. "Majaruba yenu yana konokono?"

"Wengi."

"Vaa mabuti."

"Mabuti yanabaki kwenye tope, mama. Mpunga unapandwa kwa miguu mitupu." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. "Nikirudi nitakuletea chupa."

Akamshika mkono, akaenda kupanda gari la Kwimba. Hellen aliifunga tena ile chupa kwenye gazeti lake, akiwaza itakavyokuwa ijayo, akaenda kuumwaga mkojo chooni, na harufu yake, kwa mara ya kwanza katika miaka yote aliyofanya kazi hiyo, ikamfanya azibe pua.