Orodha ya Alhamisi

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi: "Yule binti wa Justa wa Chome anaanguka kifafa." Justa aliusikia kwenye meza ya nyanya pale sokoni Same, ukisemwa na wanawake wawili waliompa mgongo. Ukamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Hakuumeza, hakuutema.

Kilichomkondesha ni kwamba ulikuwa kweli. Fortunata alianza kuanguka akiwa darasa la sita, akaanzishiwa dawa, na huu ulikuwa mwaka wa nne hajaanguka hata mara moja. Waliojua walikuwa watatu tu: Justa, Fortunata mwenyewe, na Zaituni, nesi wa kliniki ya kifafa ya kila Alhamisi kwenye kituo kimoja cha afya pale mjini. Jumamosi ya wiki iliyofuata washenga kutoka Maore walikuwa wapande mlima hadi Chome kuja kuposa. Kabla hawajafika, Fortunata alipanga kumwambia mchumba wake, Fredrick, kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa akiyapanga maneno hayo kila akikaa kwenye cherehani.

"Nipe siku mbili tatu, mama," alikuwa akisema. "Nayatafuta yasiyotisha."

Sasa kuna mtu kamtangulia. Nani? Kikulacho ki nguoni mwako, na Justa hakuwa na nguo nyingine ya kupekua ila Zaituni. Alianza kukumbuka mambo. Mbona siku ile Zaituni alikuwa akicheka na mwanamke wa Maore? Mbona aliuliza mahari ni ng'ombe wangapi? Na kile kitenge kipya, alikitoa wapi? Usiku hakulala, na asubuhi akateremka mlima na gari la kwanza.

"Mama Fortu! Leo si Alhamisi, kwema?" Zaituni alimpokea mlangoni.

"Kwema kwako. Umemtangazia nani ugonjwa wa mwanangu?"

"Astaghfirullah! Justa, mimi niliyemshika kichwa siku aliyong'ata ulimi, leo nimtembeze sokoni?"

"Siri ya watu watatu. Wawili nawajua hawajasema. Hesabu mwenyewe."

"Hesabu naijua, usinifundishe. Ingia ukae."

Zaituni akafunga mlango, akamweleza. Wagonjwa wa Alhamisi hakuwahi kuwaandika kwenye daftari kubwa la mapokezi, kwa kuwa daftari lile kila apitaye hulichungulia. Orodha yao aliichapa mwenyewe kwenye kompyuta, akaiita "chanjo za kuku."

"Nani atapoteza muda kufungua chanjo za kuku?" alisema, na pamoja na ile hasira yao wote wawili wakajikuta wanataka kucheka. Lakini kicheko cha Zaituni kilikatika njiani. "Ngoja. Wiki iliyopita kuna mama kanitania dukani, eti, 'Nesi, siku hizi unachanja na kuku?' Nikadhani ni utani tu. Justa, lile jina sikumwambia mtu yeyote."

Hapo hapo akaitwa Nathanaeli, fundi wa kompyuta za kituo, kijana wa huko huko milimani.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," alisema Justa. "Usikae kwanza."

Nathanaeli alifungua mashine, akasoma, akaacha kusoma, akajipangusa paji la uso. Akaeleza akiwa bado amesimama.

Wakati wa masika barabara ya Chome ilikatika kwa matope, wazazi wakalalamika kuteremka mlima kwa miguu kwa ajili ya karatasi moja ya majibu. Ndipo akatengeneza ukurasa wa simu: mtu anaandika namba ya kadi yake, na seva, ile mashine inayotunza kumbukumbu zote za kituo, inamletea barua yake ya majibu. Ili programu iweze kuzifikia hizo barua, akaipa ruhusa ya kusoma faili zilizomo kwenye seva.

"Faili za barua tu?" aliuliza Zaituni.

"Zote," alisema Nathanaeli kwa sauti ndogo. "Kuchambua moja moja kungechukua wiki nzima. Nikasema nitarudi kubana baadaye. Na folda ya manesi, ilimo hiyo chanjo za kuku, niliiacha wazi kwa kila mtu, maana mlikuwa mnagombana, huyu anafungua, yule hafungui. Nikaona nisimnyime mtu. Sasa mjanja akiandika maneno fulani ya hila pale pa namba ya kadi, mashine inamsomea faili lolote alitakalo. Hata majina ya faili inamtajia."

"Pumbavu," alisema Justa, akamgeukia vizuri. "Wewe umekulia kwenye ndiva. Bwawa letu la kumwagilia lina mtu wake wa kulifungua, na kila shamba lina zamu. Mwenye vijaruba viwili vya maharage anapewa bwawa lote?"

"Hapewi, mama."

"Sasa hilo bwawa umewapa akina nani?"

"Faili la kuku limesomwa na simu kumi na tisa. Simu za akina nani, sijui." Akatazama chini. "Lakini mama, wewe ndiye uliyeniambia nisiondoke mpaka ifanye kazi. Ukaniletea na ndizi."

Na ilikuwa hivyo hivyo, Justa alijua.

Jioni alimweleza Fortunata kila kitu. Binti akachukua simu, akampigia Fredrick hapo hapo mbele ya mama yake, na yale maneno yote aliyoyapanga hakuyatumia.

"Nilishasikia," alisema Fredrick.

"Tangu lini?"

"Kama wiki mbili."

"Na ulikuwa unasubiri nini? Kuniona kama nitadanganya?"

Fredrick akasema mama yake ameshawaambia washenga wasipande.

Jumamosi hakuna aliyepanda. Pilau walikula majirani waliokwisha kualikwa, wakisifu mchele huku wakimtazama Fortunata mikono, kana kwamba ataanguka na sahani. Justa alimtazama kila mmoja na kujiuliza: ni wewe? Au wewe? Watu kumi na tisa.

"Angenikataa nikiwa nimemwambia mimi, ningelia yakaisha," alisema Fortunata wakiosha vyombo. "Sasa hata hakunikataa mimi. Alikataa orodha."

Jumatatu mama na binti waliteremka pamoja hadi kituoni. Nathanaeli alikuwa ameshaufunga ule ukurasa na kuwaarifu wakubwa wa kituo, lakini Justa hakutosheka. Alimkalisha mezani, akamwambia aandike ya kuepuka, kwa maneno ambayo yeye aliyeishia darasa la saba anayaelewa. Neno asilolielewa alilifuta, akaandikisha upya. Karatasi ikabandikwa mlangoni, na nakala zikapelekwa makanisani na msikitini, kwa kila mzazi ambaye mwanawe ana jina ndani ya mashine ya watu:

Usiipe programu ruhusa ya kusoma wala kuandika faili zote za seva. Ipe folda ile moja inayoihitaji.

Usiache folda wazi kwa kila mtu kwa kuona haya kumnyima mwenzako.

Usifiche siri kwa kuibadilisha jina. Ifunge.

Usikubali pa kuandika namba papokee maneno.

Usiweke majina ya wagonjwa kwenye mashine inayojibu simu za watu wa nje.

Usimharakishe fundi, hata kama barabara imekatika.

Usiseme "nitabana baadaye."

Usitoe jina la mtoto wako kabla hujauliza ni nani wanaoweza kulisoma, na ukijibiwa "ni sisi tu," usiondoke, uliza tena.