Chupa Aliyoirudisha Wifi

Wifi yangu, ambaye tunaishi naye, aliitua chupa ya dawa ya madoa mezani karibu na kikombe changu cha chai.

"Dawa gani hii uliyonipa jana, wifi? Haitoi hata doa la chai. Au ulinijazia maji ya bomba?"

Nikacheka, kisha nikaigeuza chupa, nikaitazama vizuri. Chupa hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Jumanne kupima mwamba unaotakiwa kupasuliwa kokoto.

Kazi yangu ni kutambua kuvumwani, yale madoa ya kijivu, manjano na meusi yanayoota juu ya mawe. Ofisini wananiita Mama Madoa. Kuna aina mbili za kijivu ambazo kwa macho ni kurwa na doto. Moja imejaa kila penye jiwe na jua. Ya pili ni adimu, huota ubavuni mwa mwamba tu, pale maji ya mvua yanapochuruzika, na mwamba wenye hiyo haupasuliwi. Ili kuzitofautisha, unakwangua kidogo kwa wembe na kudondosha tone la dawa ya madoa. Ile adimu huwa nyekundu, na wekundu wenyewe haukai. Jumanne sikuona wekundu wowote. Nikaandika kwamba mwamba hauna kitu, nikatia saini, na wapasua kokoto wakapata ruhusa ya kuanza leo.

Dawa ikikaa sana hufa ndani ya chupa. Hilo nawafundisha wanafunzi wangu wote, na anayesahau namsema mpaka ajute kuzaliwa. Niliona aibu, masikio yakawaka moto.

Nikanunua chupa mpya, nikakodi pikipiki mpaka mwambani. Nilikuta mashine inanguruma na msimamizi wa wapasua kokoto ameshika karatasi yangu.

"Zima hiyo mashine."

"Mama, ruhusa ninayo. Saini yako hii hapa."

"Najua. Nilikosea. Njoo uangalie."

"Nina watu kumi na wawili wananisubiri."

"Watasubiri. Mimi sitoki hapa." Nikauegemea mwamba kwa mgongo.

Akaja shingo upande. Nikakwangua, nikadondosha tone. Doa likaiva jekundu, likafifia.

"Umeona?"

"Nimeona." Akakuna kidevu. "Lakini bosi wangu hataki macho yangu, anataka karatasi. Na hiyo karatasi itakumaliza wewe, mama."

"Ilete."

Nikapapasa mkobani, nikapata kalamu moja tu, nyekundu, ile ya kusahihishia makosa ya wanafunzi. Nikaigeuza ruhusa, nikaandika nyuma yake: Nilipima kwa dawa iliyokufa. Kuvumwani adimu ipo. Mwamba usiguswe. Nikatia saini kubwa kuliko ile ya kwanza.

Msimamizi akasoma mara mbili, akainua mkono, na mashine ikazimwa.