Wiki ya Nne ya Kiilu

Kavata aliikata kamba shingoni mwa mumewe kwa kisu cha jikoni, asubuhi moja ya Januari mwaka wa themanini na tano. Kiilu alikuwa amejitundika zizini. Zizi lenyewe lilikuwa tupu. Ng'ombe wake kumi na tisa walikuwa wamekwisha mmoja mmoja katika njaa ya mwaka uliopita, na wa mwisho alipoanguka, Kiilu aliacha kula, akaacha kuoga, akaacha kusema.

Alifikishwa kituo cha afya, ng'ambo ya soko la Ikutha, akiwa amekunjwa ndani ya wilbaro. Sista Kalunde alimpokea. Shingo ilikuwa imevimba na kugeuka zambarau, na weupe wa macho ulikuwa umejaa damu. Kalunde alikesha naye siku tatu, yeye na Jonah, mfunga vidonda, wakipokezana ili asibaki peke yake hata akienda choo.

Siku ya nne daktari wa wilaya alipita katika ziara yake. Alimpima Kiilu, akaandika amitriptilini, dawa ya ugonjwa wa huzuni. Akiwa ameshapanda gari alimwambia Kalunde, "Uliza jamaa zake kama amewahi kupandwa na wazimu, ule wa kukosa usingizi na kusemasema. Kama amewahi, usimpe hii. Itamrusha upande wa pili."

Kalunde aliuliza. Aliyejibu ni Muli, kaka mkubwa wa Kiilu, mzee wa kanisa.

"Kwa ukoo wetu hakuna kitu kama hicho, sista."

Kavata alikuwa kando yake, akitazama sakafu. Kalunde alimwona. Nje foleni ya akina mama na watoto ilikuwa imefika langoni, naye hakuuliza mara ya pili.

Mengine yote aliyafanya sawasawa. Alimpa Kavata vidonge vya siku saba tu, awe akirudi kila wiki kwa vingine, kwa sababu chupa nzima inatosha kuua mtu. Alimwambia avifungie sandukuni, ampe mumewe kimoja jioni na kumwangalia chini ya ulimi, maana wengine huvificha na kuviweka akiba ya kujiulia. "Mdomo utamkauka. Akiinuka ainuke polepole, atasikia kizunguzungu. Na wiki hizi za kwanza usimwache. Nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujapona, akajaribu tena."

Wiki ya kwanza hakukuwa na kitu. Ya pili Kiilu alianza kulala. Ya tatu aliomba uji, akacheka, na Jumapili Muli akamsimamisha mbele ya kanisa atoe ushuhuda.

Wiki ya nne Kavata alikuja mbio, saa mbili asubuhi, bila viatu.

"Hajalala siku tatu, sista. Amechimba matuta ya shamba lote peke yake, mikono inatoka damu. Anasema Mungu amemwonyesha ng'ombe mia tatu. Anasema mpaka sauti imeisha na bado anasema."

"Vidonge viko wapi?"

"Mzee Muli alichukua ufunguo. Anasema dawa ikimfaa mtu hivi, aongezewe. Tangu juzi anampa vitatu."

Kalunde alimshika mabega. "Mama, niambie sasa. Amewahi kuwa hivi?"

Kavata akafunguka. Kabla hajazaa mtoto wa kwanza, Kiilu alifungwa kamba siku kumi na mbili nyumbani kwa mama yake. Muli alikuwa amemkataza Kavata kusema, kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa anaposwa na watu wa pasta, na hakutaka waambiwe kuna wazimu katika damu.

Kalunde alitia kloropromazini kwenye begi, dawa ya sindano ya kumtuliza mtu aliyepandwa, akaondoka na Jonah kwa baiskeli mbili.

Walisikia shoka kabla ya kufika. Kiilu alikuwa kifua wazi, akiangusha miti ya mpakani ajenge zizi jipya. Muli alikuwa amesimama mbele yake, chupa ya vidonge mkononi.

"Weka hilo shoka chini, Kiilu. Kunywa dawa upumzike."

"Wewe ndiye uliyewaua ng'ombe wangu," Kiilu alisema. "Niliona ukiwawekea sumu."

Muli aliinua mkono kujikinga. Shoka lilipita kwenye kiganja, vidole vitatu vikaanguka kwenye vumbi pamoja na chupa. Pigo la pili lilimpata begani, akapiga magoti. Kalunde alirukia mpini. Kiilu alimpiga kichwa usoni, jino la Kalunde likavunjika, akasikia ladha ya damu, lakini hakuachilia. Jonah alimkumba Kiilu miguuni na wote watatu wakaanguka.

Kufikia hapo majirani walikuwa wamefika, na walichokiona ni mzee wa kanisa akitoka damu. Wa kwanza alimpiga Kiilu teke la kichwa. Wa pili alikuwa na jembe. Mwingine, Mutie, akaokota jiwe la kujaza mikono miwili.

"Toka, sista."

Kalunde alimlalia Kiilu kwa mwili wake wote. Teke lililokusudiwa Kiilu lilimpata yeye mbavuni. Akiwa hapo chini alivuta begi kwa mguu, akajaza sindano, akamchoma Kiilu kupitia kaptura.

"Mkitaka kumpiga, mnipige mimi kwanza," alisema, damu ikimtiririka kidevuni. "Huyu anaumwa. Kamba leteni, lakini jiwe weka chini, Mutie."

Mutie alisita, kisha akalitupa pembeni. Jonah alikuwa ameshavua shati na kulikaza kwenye mkono wa Muli. Majirani walipotaka kumwinua Kiilu, Kalunde alikataa. Alijua dawa zile mbili zikikutana huweza kuangusha presha ghafla, kwa hivyo walimbeba akiwa amelala, juu ya mlango uliong'olewa, naye akitembea kando ameshika mshipa wa mkono wake na kuhesabu.

Lori la mchuuzi wa mbuzi liliwapeleka Kitui, ndugu wawili ubavu kwa ubavu. Njiani Muli alifumbua macho.

"Ni dawa yako, sista."

"Ni mimi niliyeitoa," Kalunde alisema. "Wewe uliniambia hakuna. Nami nilimwona mkewe akitazama chini, nikaendelea na foleni."

Aliyaandika hayo yote mawili katika ripoti, na akapewa barua ya onyo. Muli alibaki na kidole gumba na kidogo. Kiilu alikaa hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi miezi mitano, akarudi mnene, mpole, akitembea kwa hatua fupi.

Alikuja kituoni kuchomwa sindano yake ya mwezi. Alipofunga kaptura alisema, "Nyumbani hakuna anayetaka kunieleza. Nieleze wewe."

Kalunde alifunga mlango, akamweleza toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na jiwe la Mutie. Kiilu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilimkata mkono gani?"

"Wa kushoto."

Alitoka, akakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha. Kisha akashika njia ya kwao, ile inayopita mlangoni kwa Muli. Siku hiyo hakuthubutu kusimama hapo.