Vioo vya Wodi ya Watoto

Nimeshiba wali, naegemea kiti cha ofisini, na macho hayajafumba vizuri natumbukia ndani ya skrini. Humo imo programu aliyonitumia mwenzangu Tumsifu niipitie, ile ya kupiga king'ora oksijeni ya mtoto mchanga ikishuka. Ameandikiwa na akili mnemba; kazi yangu ni kuisoma, kisha nibonyeze Pitisha. Kila mstari ni barabara iliyonyooka, nami napita mbio, maana palipofagiliwa nani atatafuta mwiba, na kila barabara inanirudisha kwenye mji ule ule wa vioo. Mtu asiye na uso ananipokea. Nani kajenga hapa? namuuliza. Kitendawili, anasema. Tega. Nyumba yangu haina fundi, ila ikianguka ina mwenyewe. Nafikiri, nashindwa, namwambia haya, nakupa mji. Mji upi, dada Sekela, nawe umo ndani?

Naudhika. Mafumbo na mimi wapi na wapi? Nasimama mbele ya kioo, nainua mkono, nacho kinainua. Naondoka, Sekela wa kioo anabaki, anatabasamu. Napita kingine, na kingine, kote nimebaki nimesimama na hali nimeshaondoka. Kwenye kioo cha mwisho amelala mtoto mchanga, namba yake ya oksijeni tisini na saba, mzima kabisa. Natazama kitanda chenyewe: waya wa kipimo umechomoka, midomo ya mtoto inakuwa ya buluu, na kioo bado kinasema tisini na saba. King'ora kimya. Napiga kelele, naogopa kwelikweli. Asiye na uso ananionyesha mlango. Jina lililoandikwa pale ni langu.

Nazinduka. Safari hii nasoma mstari kwa mstari, na huu hapa: kipimo kisipopatikana, tumia cha mwisho. Namwita Tumsifu. Huu uliusoma? Hapana, dada, nilijua utausoma wewe. Nami nilijua umeusoma wewe, namwambia, na hasira yangu haijui pa kwenda. Natafuta kitufe cha Kataa, sikioni. Tumsifu anainama kwenye skrini yangu. Mbona umeshapitisha, dada? Nami nimeshaiwasha wodini. Nanyakua simu niwapigie wauguzi. Kwenye kioo chake cheusi namwona Sekela, anatabasamu. Mimi sitabasamu.