Mzee wa Kona ya Saba

Kila asubuhi saa moja na nusu dereva alikagua matairi, akajaza maji kwenye rejeta, akafuta vioo kwa gazeti bichi, kisha akapakia wageni kumi na wanne kwenye basi dogo la hifadhi. Barabara ya kileleni ilikuwa na lami nzuri kuliko barabara yoyote ya mjini. Ilipita msitu wa mianzi, ikapita nyasi, ikaishia kwenye maegesho yenye choo, kibanda cha chai na ukingo wa chuma wa kutazamia bonde.

Kuanzia saa tatu, ukungu ulipopasuka, bondeni kilionekana kijiji. Watu wa kijiji hicho walikuwa wameondolewa miaka thelathini na minane iliyopita, hifadhi ilipoanzishwa, na aliyeshuka kwa miguu hadi pale alikuta miti mitupu. Lakini kutoka juu kilionekana vizuri: mapaa, moshi wa majikoni, mbuzi, wanawake wakienda kijitoni. Uongozi ulikuwa umeweka darubini mbili. Wageni walipiga picha, wakalalamika kwamba wanakijiji hawapungi mkono, wakaenda kunywa chai.

Dereva alikuwa amekizoea kijiji kile kama alivyozoea breki za gari lake. Hakuwahi kukitaja nyumbani, kwa sababu mama yake hakupenda habari za mlimani. Jioni moja ulimi ukateleza. Wakiwa wanakula, alisema kwamba wiki hii kule chini wanavuna.

Mama akaweka kijiko. "Wanavuna mahindi?"

"Mahindi."

"Nyumba ya mwisho, ile ya karibu na kijito, imeezekwa nini?"

"Bati. Upande mmoja nyasi."

"Upande wa nyasi ndio nilikuwa nalala mimi," mama akasema. "Kesho nipeleke."

Alipanda kiti cha mbele, mkoba magotini. Kileleni alikataa darubini. Alisema macho yake yanatosha. Alimwona baba yake akirundika magunzi nyuma ya nyumba. Kisha alijiona mwenyewe, msichana wa miaka ishirini, tumbo limemtangulia, mkono kiunoni.

"Aliyemo humo tumboni ni nani?" dereva aliuliza.

"Nani tena kama si wewe? Siku zile ulikuwa hunipi usingizi kwa mateke."

Dereva akajitazama kidogo, halafu akarudi kukagua mkanda wa injini.

Mama alihesabu kwa vidole. Lori la kuwahamisha lilikuwa limekuja siku ya nne baada ya mavuno kuanza kukaushwa. Zilibaki siku tatu. Alirudi kesho yake na keshokutwa. Siku ya pili aliita, "Baba! Ondoka hapo!" Kule chini mzee aliinua uso, akatazama mbingu kama mtu anayekisia mvua, akaendelea na magunzi yake. Mwenye kibanda cha chai alimwomba mama kwa adabu asipige kelele, wageni wanapenda utulivu.

Siku ya nne iliangukia Jumamosi, na maegesho yakajaa. Mhifadhi mkuu naye alipanda, sare imepigwa pasi, akasimama ukingoni na kikombe chake.

Lori likaja. Lilikuwa moja. Watu walipakiwa pamoja na vyungu, magodoro na kuku. Msichana mwenye mimba alimfuata askari kijana, akamuuliza kitu. Askari akanyoosha mkono nyuma, barabarani.

"Aliniambia baba yumo kwenye lori la pili," mama alisema.

Barabarani hakukuwa na lori la pili. Lori lilipoondoka, askari yule alikwenda nyumba ya mwisho, akazungusha waya kwenye komeo la mlango, akaukaza kwa koleo. Wenzake walikuja na mienge ya nyasi.

Mama akageuka. "Yule ni wewe."

"Ni mimi," mhifadhi mkuu alikubali, akapuliza chai. "Nilikuwa mwembamba."

"Baba yangu yumo ndani."

"Ripoti inasema kijiji kilikuwa kitupu, dada."

Mapaa yakashika moto. Joto lilifika ukingoni, wageni wakarudi nyuma hatua mbili tatu. Majivu yakaangukia mabega na vioo vya magari, na mwenye kibanda akafunika vikombe. Kisha ukungu ukafunga bonde lote.

Wakati wa kushuka, kwenye kona ya saba, mzee alikuwa amesimama kando ya lami. Shati lake lilikuwa limeungua hadi begani, na mkononi alishika kipande cha waya. Dereva akasimama. Mama alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lori lenyewe sikuliona," mzee akasema. "Nilisubiri sana."

Wageni walibanana wakampa nafasi. Mmoja alimpa chupa ya maji, naye akaimaliza bila kupumua. Alimgusa dereva bega. "Huyu ndiye yule wa tumboni?"

"Ndiye."

"Amekua."

Langoni, karani alihesabu vichwa, akahesabu tena, akafunua kitabu. "Huyu amezidi. Hakuingia."

"Hakuingia kwa sababu alikuwemo," mama alisema.

Karani akamwita mhifadhi mkuu. Alikuja, akautazama waya kwa makini, akamrudishia mzee.

"Nikimruhusu atoke, itabidi niandike kwamba alikuwemo," alisema. "Nikiandika hilo, itabidi niandike na mengine."

"Si uandike."

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, dada. Asiyekuwepo na lake halipo."

Mama alivua khanga ya mabegani, akajifunga kiunoni. Wageni wakaanza kutazama saa. Dereva alishika usukani, mguu kwenye klachi, na kizuizi cha chuma kilikuwa mbele yake. Kwa muda alikipima kizuizi kile kwa macho. Kisha aliwakumbuka wale watu kumi na wanne nyuma yake, akazima injini.

Mzee ndiye aliyeamua. Alishuka taratibu.

"Usigombane na wakubwa, mwanangu. Tangulieni, nakuja."

"Ndivyo ulivyosema siku ile," mama alisema.

"Basi ujue nilisema kweli."

Akageuka, akaupanda mlima kwa miguu, akishika upande wa kulia wa barabara. Mama hakubanduka langoni hadi lilipofungwa. Nyumbani aliifua khanga yake mara tatu, na mara zote tatu maji yalitoka meusi.

Asubuhi iliyofuata bondeni kulikuwa na msitu tu. Darubini zilihamishiwa upande wa maporomoko ya maji. Ofisini likabandikwa tangazo lenye sahihi ya mhifadhi mkuu: kwa usalama wa wageni, ni marufuku gari lolote kusimama kona ya saba.

Mzee husimama pale kila siku. Jumamosi mama hupanda gari la mwanawe, huketi upande wa mzee, hutoa mkono dirishani, na vidole vyao hugusana gari likiwa mwendoni. Siku nyingine wageni huuliza yule ni nani.

"Babu yangu," dereva huwajibu.

Nao huinua simu zao, wakiomba apunguze mwendo kidogo. Yeye huingiza gia ya pili, kwa sababu kona ni kali na nyuma yake kuna gari jingine.