Jumamosi ya Kulungu

Merle Klinger alijichimbia kaburi mwenyewe, na dada yake Arvilla alimwona akichimba, akanyamaza.

Kanisa lao la mawe, juu ya kilima huko Pennsylvania, lilikuwa linakwenda kupiga kura ya kujitoa katika dhehebu. Kwenye barua waliandika "mamlaka ya Maandiko." Sababu yenyewe kila mtu aliijua: Mchungaji Corinne Haldeman alikuwa amefunga ndoa na mwanamke mwenzake, Joss, fundi bomba, na dhehebu lilikataa kumvua joho. Theluthi mbili ya watakaohudhuria wakisema ndiyo, kanisa linaondoka na jengo lake, na Corinne anafungasha vyombo na kuihama nyumba ya mchungaji kabla ya mwaka kwisha.

Tarehe aliiomba Merle, aliyewaongoza waliotaka kujitoa. Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, watoto na wajukuu wote wakiwa nyumbani. Hesabu safi. Ila Merle aliacha kuwinda tangu nyonga ilipomharibikia, na kichwani mwake msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa bado unafunguliwa Jumatatu, kama enzi za baba yao. Jimbo lilikuwa limeshauhamishia Jumamosi hiyohiyo. Watu wake walipomshtua, barua ya msimamizi wa wilaya wa dhehebu ilikuwa imeshatoka, na barua ile haibadiliki.

"Mtakuja," aliwaambia. "Mungu kwanza, kulungu baadaye."

Wote waliitikia amina. Arvilla, ambaye alikuwa na miaka sabini na tisa na aliwalisha wanaume hao tangu hawajaota meno, aliendelea kumenya viazi vyake.

Asubuhi ya kura Merle aliteremka jikoni, chini ya ukumbi wa ibada, akiburuta mguu.

"Dada, kahawa ipo?"

"Ipo. Jeshi lako liko wapi?"

"Watafika saa tatu. Wameniahidi."

Kutoka msituni ng'ambo ya barabara bunduki ililia. Arvilla alimmiminia kahawa.

"Huyo ni Clayton, askari wako. Anakuja kwa mlio."

"Usinicheke, Arvilla. Hili ni neno la Mungu."

"Neno la Mungu lina mwaka mzima, Merle. Kulungu ana wiki mbili. Watu wako wamepiga hesabu."

Merle alikunywa kidogo, akashusha sauti. "Wewe humpendi hata huyo mchungaji. Kila Jumapili unalalamika mahubiri yake marefu."

"Marefu kupita kiasi. Na nataka niendelee kuyalalamikia."

Alifungua kabati la mabakuli ya kuokea. Kila familia ilikuwa na lake, na kila moja lilikuwa na jina chini ya kitako, kwenye utepe wa gundi, ili baada ya chakula cha pamoja pasiwe na ugomvi wa chombo cha nani. Nyuma kabisa palikuwa na bakuli la kahawia ambalo mkono wa mtu haukuligusa kwa miaka thelathini na minne. Arvilla alilitoa, akaliweka mezani kifudifudi mbele ya mdogo wake. Wino ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka: *Eberly*.

Merle alitazama kando. "Usianze."

Mchungaji Lowell Eberly aliishi na mpiga kinanda, Wendell, na kanisa zima likawaita mabinamu kwa sababu neno hilo liliwafaa wote. Miaka kumi na mmoja walikula viazi alivyowaokea kwa maziwa katika bakuli hilo. Aliwazikia wazazi wao, aliwabatizia watoto wao. Kisha mtu mmoja akasema waziwazi kwamba wale ni wapenzi, na wajumbe tisa wa kamati wakakaa jikoni humuhumu wakanyoosha mikono afukuzwe. Mkono wa tisa ulikuwa wa Arvilla. Haukuwa na haja ya kunyooka, wanane walitosha. Aliunyoosha kwa sababu Merle alikuwa anamwangalia. Jumatano iliyofuata Eberly aliondoka, na bakuli akaliacha.

Saa tatu kamili watu ukumbini walikuwa hamsini na saba. Mchungaji Corinne alikaa benchi la mbele, Joss ubavuni mwake, wote wawili wima kama watu wanaosubiri kusomewa hukumu. Msimamizi wa wilaya alipofungua kikao, Merle alisimama.

"Mheshimiwa, naomba tusogeze hadi saa sita. Kuna ndugu wako njiani."

"Kuna anayepinga?"

Watu walikagua viatu vyao. Hata waliokuwa upande wa Corinne waliogopa kuwa wa kwanza. Hofu ya kanisa ndiyo hiyo, kila mmoja anasubiri jirani yake awe jasiri.

Arvilla alisimama, aproni ikiwa bado kiunoni.

"Mimi napinga."

"Dada, kaa chini," Merle alinong'ona.

"Nilikaa miaka thelathini na minne. Barua ilisema saa tatu. Siku ya Eberly hatukumsubiri mtu, Merle. Tulimfukuza kabla supu haijapoa, na mkono huu ulinyooka." Aliuinua wauone. "Mnasema ndoa ya mwanamke huyu imelitia kanisa hatarini. Basi watetezi wa kanisa wako wapi? Wako juu ya miti, wanamvizia kulungu! Kama roho zenu zinaweza kungoja hadi saa sita, zinaweza kungoja milele. Tupige kura."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Pingamizi moja lilitosha; msimamizi akagawa karatasi.

Ndiyo, thelathini na sita. Hapana, ishirini na moja. Zilihitajika thelathini na nane.

Hakuna aliyeshangilia. Corinne alifunika uso, na Arvilla alijua kilichomuuma: wengi wa watu aliowashika mikono hospitalini walikuwa wameandika ndiyo.

Watu wa Merle hawakusubiri baraka. Waliteremka jikoni na kuanza kutoa mabakuli kabatini, wakiyapindua na kusoma majina, kila familia na lake. Kabati lilibaki na mapengo kama kinywa cha mzee. Merle alikuwa wa mwisho. Alichukua lake, kisha akalitazama lile la kahawia pale mezani.

"Na hilo?"

"Hilo linabaki."

"Tutafungua kanisa letu, Arvilla. Hutaniona hapa tena."

"Nyumbani kwangu unapajua, mdogo wangu. Ukija, njoo na kahawa yako."

Merle alipanda ngazi hatua moja moja, bakuli kwapani. Arvilla alisikia pikapu yake ikiwaka, ikaenda. Alijifuta macho kwa aproni, kwa hasira, akafungua bomba. Aliliosha bakuli la Eberly ndani na nje, utepe akauacha. Kisha akamwita Joss ashuke aje kumenya viazi, maana kesho ilikuwa Jumapili na watu ishirini na mmoja wangetaka kula.