Masikio ya Silvana Yameota

Jumatatu asubuhi, wanawake wa Izia walipofika na madebe yao ya mahindi, mashine ya kusaga ya Eustaki haikuwaka. Mota ilikuwa imeungua na kunuka kama kandambili iliyoangukia motoni. Silvana, mwendesha mashine, alijua kwa pua na kwa nyayo, maana sakafu iliacha kutetemeka. Masikio hayakumwambia kitu. Mashine ilishayamaliza miaka ya nyuma, kidogo kidogo: zilianza kumpotea sauti za ndege, ikafuata kengele ya parokia, mwishowe sauti ya mumewe, Isdori, mdogo wake Eustaki.

Mitetea waliokuwa wakidonoa pumba chini ya mkanda nao walikuwa viziwi. Mwewe alipokuja, jogoo wa uani alipiga kelele za kuonya, wao wakaendelea kula, na mmoja wao akaenda na mwewe.

Mota ikapelekwa Mbeya kusukwa upya nyaya zake. Ukimya ukaingia Izia, ukakaa. Wiki zilivyosogea, mitetea walianza kuinua shingo jogoo akilia, kisha wakawa wanakimbilia bandani kama kuku wengine.

Modesti, bwana mifugo, alipokuja kuchanja kuku dhidi ya kideri, Silvana akamuuliza imekuwaje kuku wanasikia tena. Alimjibu taratibu, akimtazama usoni ili apate kumsoma midomo.

"Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno, mama. Ndivyo vinavyopokea sauti, na kelele zinaviua. Vya kuku vinaota tena. Chembe zilizo jirani zinagawanyika, nyingine zinajigeuza, zinashika nafasi ya zilizokufa. Samaki hivyo hivyo, chura hivyo hivyo."

"Na vya mtu?"

"Vya mtu vikifa, basi."

Silvana aliona kuku wamependelewa. Kesho yake alichukua mkeka, akaanza kulala mchana bandani pamoja nao. Baridi ya Juni ilikuwa kali na banda lilikuwa na joto, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza.

Manyoya yalimtoka nyuma ya masikio, laini, ya kahawia yenye madoa. Wenzake wa jumuiya waliyatazama baada ya sala.

"Yamekukaa vizuri," alisema Jovina. "Ila ukisuka nywele, yaache nje."

Sauti ya kwanza kumrudia ilikuwa ya upepo kwenye bati. Ya pili ilikuwa ya Isdori.

Alikuwa amekaa nyuma yake, anapukuchua mahindi na kuongea. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiongea na mgongo wake. Alilalamikia goti. Alisimulia jinsi maharage ya binamu yake kule Kate yalivyoliwa na wadudu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya maharage, "Nilimwambia kaka akutoe pale mashineni tangu ulipoacha kusikia ndege. Alikataa. Na mimi sikurudia kumwambia."

Silvana hakugeuka. Alijua akigeuka Isdori ataona haya, atanyamaza, naye alikuwa na hamu ya kuyasikia mengine, hata ya goti. Aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Mota iliporudi, Eustaki alikuja nayo mwenyewe. Alisimama uani na mdogo wake, hatua mbili kutoka kwa Silvana, wakaongea kama watu wanaoongea mbele ya mbuzi.

"Kaka, safari hii tumtafutie hata vizibo vya masikio," alisema Isdori.

"Vya nini kwa kiziwi? Ndiyo maana nimemwacha pale. Kumweka mwingine ni kuharibu masikio mazima bure."

"Nasikia, shemeji," alisema Silvana.

Eustaki alimgeukia, akayaona manyoya, akainama kuyatazama vizuri.

"Hongera. Yameota lini?"

"Juzijuzi."

"Na yakiharibika yanaota tena?"

Modesti, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, aliitwa. Alisema kwa kuku huota kila mara, na hakuona sababu ya Silvana kuwa tofauti.

"Basi vizibo havina haja," alisema Eustaki, kwa furaha ya kweli kabisa. "Mota ikiungua atapumzika, yataota."

Isdori alikohoa. Nyumba waliyokuwa wakiishi ilikuwa ya Eustaki, na shamba la nyuma pia. Alikohoa tena, ikaishia hapo.

Eustaki alikuwa na mashine nyingine sokoni. Wiki hiyo aliwaita wasichana watatu waliokuwa wakiomba kazi, akawapitishia kidole nyuma ya masikio mmoja mmoja. Mmoja wao, Coleta, alikuwa na kinyoya kimoja. Akapewa kazi papo hapo, na mama yake akashukuru.

Siku ya kuwasha, madebe yalipanga foleni mpaka barabarani. Isdori alimsindikiza mkewe, akiongea njia nzima, haraka haraka, mbele yake sasa badala ya nyuma: goti, mvua, mtoto wao Enock aliyeko Kasesya, na jinsi alivyokuwa akimwona mzuri alipokuwa amejaa unga kwenye kope. Silvana alifika kwenye swichi, akaweka mkono juu yake, akamsubiri amalize.

"Washa!" alisema Eustaki.

Isdori alikuwa bado katikati ya sentensi. Silvana akawasha.